Pointi Mia Mbili

Kwa Abubakar, Kibokoni, nyuma ya fundi wa friji,
shilingi thelathini mchezo mmoja.
Feni inazunguka kama inayodaiwa
na ukuta umechubuka pale migongo inapoegemea.

Kwanza gemu inakupa mtu mtupu.
Amesimama kifua wazi, mikono ameiachia,
hana jina, hana kwao,
anakungoja umwambie yeye ni nani.
Una pointi mia mbili za kumgawia.
Ukizidisha ngumi, umepunguza pumzi.
Ukirefusha mkono, kiuno kinalegea.
Hakuna mkopo, hakuna nitaleta kesho.

Wa kwanza niliyemuunda nilimpa ngumi zote.
Nikamwita Radi. Nikamchora chui kifuani.
Raundi ya kwanza alitisha hata mimi mwenyewe.
Ya pili, mdomo wazi, mikono imeshuka nyongani,
Jitu la Twahiri likamlaza chali
kama godoro linaloanikwa.
Abubakar hakuinua macho kwenye simu yake:
"Umejenga ghorofa, yakhe, ukasahau ngazi."

Wiki nzima nikalala na hesabu.
Pumzi ngapi? Kidevu kigumu kiasi gani?
Kujinasua chini, kukaba, kuhimili teke la paja.
Mpaka juzi, saa tisa usiku,
nikaamshwa na kile kishindo nilichokizoea tangu utotoni
nikakisikia kwa mara ya kwanza:
pu.
pu.
pu.
Mama na unga wake wa mahamri.

Nikasimama mlangoni.
Kilo sita ndani ya sinia, tui, iliki,
yeye kwenye kibao, goti la kushoto kalinyoosha
kwa sababu halikunjiki tena.
Mabega hayana haraka.
Viganja vinaingia, vinageuza, vinavuta,
unga unakataa, unakataa,
kisha unakubali.
Hakuhema. Alikuwa akinung'unikia bei ya mafuta.

Basi leo nimemfuta Radi na chui wake.
Huyu mpya mfupi. Nyonga nzito.
Ngumi za kubisha hodi tu, si za kuvunja mlango.
Pumzi themanini.
Mshiko nikausukuma, nikausukuma, mpaka mshale ukagota.
Uso nikamwachia ule aliokuja nao,
singeweza kumvisha mwanamume uso wa mamangu.
Nikafika kwenye magoti.
Gemu ikauliza: jeraha la zamani?
Nikabonyeza Hapana,
nikabaki nalitazama lile neno,
mpaka Twahiri akaniuliza kama nimelala.

Jina?
Nikaandika Iliki.
Wakacheka hadi feni ikaona haya.

Raundi ya kwanza Jitu lilimpiga Iliki kila mahali.
Ya pili likampiga, polepole kidogo.
Ya tatu Iliki akalikumbatia.
Ndivyo tu. Akalikumbatia, akaligeuza, akalivuta,
Jitu likakataa, likakataa,
kisha likapigapiga sakafu kwa kiganja.
Abubakar akaiweka simu chini.
Twahiri akasema kidude chake kina kutu.

Nikarudi nyumbani kwa mwendo wa bingwa,
kifua mbele, hata paka wa mtaani nikawapa salamu.
Nikamwambia Mama: wewe lala, leo nakanda mimi.
Akanitazama kama anayeuziwa saa bandia,
akanisogezea sinia.

Dakika ya kwanza nilitisha.
Ya pili unga ukanishika vidole ukakataa kuniachia.
Ya tatu nikasikia mtu anahema ndani ya chumba,
nikageuka kumtafuta.
Tone la jasho likaning'inia puani.
Mama, macho bado kayafumba kitandani, akasema:
"Geuza uso, mwanangu.
Chumvi nishatia."